Nilikuwa na daftari, mali ikapotea vilevile

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliyeandika katika safu hii kwamba kumrudisha darasani mfanyakazi aliyevuka miaka 50 ni kumpigia mbuzi gitaa amenigusa pabaya, kwa sababu mbuzi mwenyewe ni mimi. Nina miaka 57, nimebakiza mitatu nistaafu. Mwaka jana nilimaliza kozi ya jioni ya fedha na uendeshaji wa biashara, miezi kumi, kila Jumatano kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, na nimeshajiandikisha kwa nyingine. Naomba nafasi nimjibu, tena nafasi ya kutosha, maana nusu ya aliyoyasema namkubalia, na ile nusu nyingine nataka kuipinga kwa hesabu.

Anasema makampuni yanamwaga fedha kwenye semina na hakuna kinachobadilika. Hapo hajakosea. Alipokosea ni kudhani kwamba kigumu kubadilika ni kichwa cha mtu mzima. Nimekaa kwenye madarasa ya aina zote mbili, lile lisiloniachia kitu na lile lililoniumbua, na kichwa nilichoingia nacho kilikuwa kilekile.

Nilianza kazi nikiwa karani wa bohari. Niliandika kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kiasi kwamba wakaguzi wa hesabu walikuwa wakianza na leja zangu ili wapumzishe macho. Kutoka bohari nikaenda ununuzi, kutoka ununuzi nikaingizwa kwenye kitengo kinachopanga bei, na hatimaye nikawa mkuu wa kitengo hicho. Itazame njia hiyo, Mhariri. Hakuna mahali hata pamoja ambapo mtu alinikalisha chini akanifundisha bei ni kitu gani. Nilipanda kwa kuwa nilikuwa mwaminifu na sichelewi kazini. Ndivyo wengi wetu tunavyopata vyeo. Fundi hodari hufanywa mkuu wa karakana, muuguzi hodari hufanywa mkuu wa wodi, na wiki ya kwanza anakabidhiwa bajeti, kitu ambacho kabla ya hapo alikuwa akikiona kwa mbali mikononi mwa wengine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo. Mali ilipotea ndani ya daftari, kwa mwandiko mzuri, na nitaeleza ilivyokuwa. Lakini kwanza ile semina.

Ilikuwa ya siku tano, fedha kwa wasio wahasibu. Mwezeshaji alikuwa msemaji hodari. Slaidi zilikuwa 212. Najua kwa sababu zilikuwa na namba chini pembeni, na kuanzia siku ya pili nilikuwa nikizihesabu kama abiria anavyohesabu nguzo za umeme. Tulipita kwenye mizania (ile orodha ya mali na madeni ya kampuni), taarifa ya mapato na matumizi, mtiririko wa fedha, uchakavu wa mali, bajeti, vihatarishi. Mifano yote ilihusu kampuni ya kufikirika, iliyotengeneza bidhaa ya kufikirika na kuwauzia wateja ambao, kwa bahati yao njema, wote walilipa kwa wakati. Ijumaa tulijaza fomu iliyouliza kama tumefurahia. Nikaweka alama penye "sana", maana ukumbi ulikuwa na ubaridi mzuri. Kisha tukapewa vyeti vya mahudhurio. Neno hilo halikuwa na uongo wowote. Nilihudhuria.

Donald Kirkpatrick, profesa wa Marekani, alianza kuandika tangu mwaka 1959 kwamba mafunzo yapimwe kwa ngazi nne: mshiriki ameyapokeaje, amejifunza nini, akirudi kazini anafanya nini tofauti, na kazi yenyewe imepata nini. Ile fomu yetu iliishia ngazi ya kwanza. Hakuna aliyepiga simu baada ya miezi mitatu kuuliza kama nimebadilisha hata mstari mmoja kwenye jedwali langu la bei. Wangepiga wangecheka, kwa sababu jalada la semina lilikuwa kabatini na bado limefungwa kwa uzi wake. Na Mjerumani Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima zinavyomtoka kichwani. Sehemu kubwa ilimtoka mapema, katika saa za mwanzo na siku ya kwanza, halafu kasi ya kusahau ikapungua. Silabi zisizo na maana ndizo zilizokuwa slaidi 212 kwangu. Tangu mwaka huo wa 1885 tunajua jambo lisilorudiwa halikai, na bado tunauziwa siku tano mfululizo, asubuhi hadi jioni, basi.

Hapo ndipo ninapomwelewa msomaji mwenzangu. Kama angenipima mimi baada ya semina ile, angeandika barua yake kwa haki kabisa.

Kozi ya jioni niliiingia kwa kulazimishwa na binti yangu, na kwa aibu. Darasani nilikuwa mkubwa kuliko wote, mwalimu mwenyewe akiwa ndiyo kwanza amefikia umri wa kitindamimba wangu. Yeye aliniita mzee, mimi nikamwita mwalimu, na mambo yakaenda vizuri. (Kuhusu aibu: mwaka 1823 mafundi wa London walifunguliwa chuo cha kusoma jioni baada ya kazi, na chuo hicho, ambacho leo kinaitwa Birkbeck, bado kinafundisha jioni. Niliyasoma hayo mwezi wa pili. Laiti ningeyasoma kabla, nisingekuwa nikipitia mlango wa nyuma.)

Usiku wa kwanza mwalimu hakutupa maandishi yoyote. Alitutaka tuje wiki inayofuata na hesabu za mahali tunapofanya kazi, kila mtu za kwake. Pakatokea manung'uniko. Hizo ni siri, tulisema, tutafukuzwa kazi. Akatufundisha jambo ambalo mimi naliona bora kuliko semina nzima: kila mtu achague namba moja ya siri, nusu au mbili na robo au chochote, kisha azidishe kila kiasi katika hesabu zake kwa namba hiyo. Kiasi halisi kinafichika. Uwiano unabaki palepale. Kama madeni ni mara tatu ya mtaji, yatabaki mara tatu hata ukizidisha kwa 7.3. Usiku ule nilielewa maana ya uwiano, neno nililokuwa nimelisikia kwa miaka 30.

Zamu yangu ya kuumbuka ilikuja Jumatano ya nne. Mwalimu aliandika ubaoni: bidhaa imekugharimu 1,000, bosi anataka faida ya asilimia 25 ya mauzo, utauza kwa ngapi? Nilijibu wa kwanza, 1,250, nikajiegemeza kwenye kiti.

"Mzee, faida yako hapo ni ngapi?"

"250, mwalimu."

"Igawe kwa bei uliyouzia."

Nikagawa. Ikaja 0.2. Nikagawa tena, nikidhani nimekosea kubonyeza. Asilimia 20.

Nitaeleza taratibu, kwa kuwa najua kuna wenzangu wanaosoma gazeti hili na sasa hivi wananyoosha mkono kuchukua kikokotoo. Asilimia 25 ya gharama na asilimia 25 ya mauzo ni vitu viwili tofauti. Ukitaka robo ya kila kinachoingia ibaki kuwa faida, basi gharama ni zile robo tatu nyingine. Unachukua 1,000 unagawa kwa 0.75 na kupata 1,333. Mimi nilikuwa nazidisha kwa 1.25. Katika kila 1,000 ya gharama, bei yangu ilikuwa pungufu kwa 83 ya ile ambayo ingeipa kampuni robo iliyoamini inaipata. Nilifanya hivyo miaka tisa.

Inawezekana wateja wasingekubali 1,333. Hilo ni swali la soko na soko lingetujibu. Lakini hatukuwahi kuuliza, maana tuliamini tayari tunapata 25, na bajeti yote, mishahara, matengenezo na riba za benki, ilijengwa juu ya hiyo 25. Kila mwisho wa mwaka faida ghafi, yaani mauzo ukitoa gharama ya bidhaa, ilikuja pungufu, na kila mwisho wa mwaka tulimtafuta mwizi. Tulibadilisha kufuli za bohari mara mbili. Kuna mlinzi aliyeondolewa zamu ya usiku kwa kushukiwa tu. Nilimtafuta baada ya kozi nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, na sikuona kama ilikuwa sawa.

Asubuhi iliyofuata darasa lile niliingia kwa mkurugenzi nikiwa na karatasi moja.

"Bosi, ile asilimia 25 unayoitaka, ni ya gharama au ya mauzo?"

"Asilimia 25 ni asilimia 25, bwana."

"La, bosi. Ziko mbili."

Ilituchukua dakika 40. Mwanzoni alikasirika, halafu akanyamaza, halafu akachukua kalamu yangu mwenyewe akaanza kuandika. Hapo nikagundua kwamba hata yeye alikuwa hajui, na kwamba kwa miaka tisa mimi na yeye tulikuwa tukitumia neno moja huku kila mmoja akiwa na namba yake kichwani. Yeye alipanga matumizi kwa robo ya mauzo, mimi nilipanga bei kwa robo ya gharama. Hakuna mwizi aliyewahi kuingia bohari ile.

Na tukiwa hapohapo, angalia punguzo. Wauzaji wetu walikuwa wakitoa punguzo la asilimia 10 kama watu wanavyotoa salamu. Kwa bidhaa ya 1,250, asilimia 10 ni 125. Faida yote ilikuwa 250. Punguzo la asilimia 10 limekula nusu ya faida. Ili ile faida ya awali irudi, muuzaji huyo inabidi auze vipande viwili badala ya kimoja. Nilipoandika hesabu hiyo kwenye ubao wa idara ya mauzo, kijana mmoja aliniambia, "Mzee, mbona hukutuambia zamani?" Ningewaambia nini, na mimi nilikuwa sijui?

Wenzangu darasani nao waliumbuka kila mtu kwa siku yake. Mama mmoja mwenye karakana ya samani alikuja akilia kwamba oda zimeongezeka maradufu, faida kwenye karatasi ni nzuri, na mwezi huo ameshindwa kulipa mafundi. Alidhani amelogwa, alisema, nasi tukacheka pamoja naye. Mwalimu akamwomba namba tatu. Mbao na samani hukaa kwake wastani wa siku 60 kabla ya kuuzwa. Wateja hulipa baada ya siku 45. Yeye huwalipa wauza mbao baada ya siku 30. Jumlisha 60 na 45, toa 30: siku 75 ambazo fedha yake iko nje, imegeuka mbao au imegeuka ahadi. Oda zikiongezeka maradufu, kinachohitajika kujaza pengo hilo la siku 75 nacho kinaongezeka maradufu, na kinatakiwa kabla faida haijaingia mkononi. Biashara inaweza kukua mpaka ikafa. Hakuhitaji mganga, alihitaji kuomba malipo ya awali kwa oda kubwa, na alianza kuyaomba wiki ileile. Wateja wawili walikataa. Wengine walilipa, akashangaa mwenyewe kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kuomba.

Mimi nilirudi kuumbuka tena kwenye somo la ununuzi, mahali nilipojiona bingwa. Mkuu wangu wa zamani alinifundisha kanuni moja: ukipewa siku 30, lipa siku ya 30. Kuna wauzaji waliokuwa wakitupa chaguo, punguzo la asilimia 2 ukilipa ndani ya siku 10, la sivyo lipa yote siku ya 30. Asilimia 2 niliiona kama makombo. Tukakokotoa. Kuliacha punguzo hilo ni kulipa 2 juu ya kila 98 ili kubaki na fedha siku 20 zaidi. Katika mwaka kuna vipindi 18 na robo vya siku 20. Ni sawa na kukopa kwa zaidi ya asilimia 37 kwa mwaka. Na wakati huohuo kampuni ilikuwa na fedha imelala benki bila kazi! Hakuna benki ningeikubalia mkopo wa namna hiyo, lakini kwa muuzaji niliuchukua kila mwezi nikijisifu kwa nidhamu.

Masomo ya uongozi nitayapita haraka. Kuna mengi ndani yake ambayo mtu aliyelelewa vizuri anayajua, na ile michezo ya kamba na vipofu iliniacha na maumivu ya kiuno. Lakini lipo zoezi moja lililonifaa. Tulikaa wawiliwawili, mmoja akijifanya msaidizi aliyekosea, mwingine mkuu wake, na tukarekodiwa kwa simu. Nilipojisikiliza, nikasikia kwamba kati ya dakika nne nilizungumza tatu na nusu, na swali nililomuuliza msaidizi wangu lilikuwa moja tu, "Umenielewa?" Siku hizi naanza kwa kuuliza ilikuwaje. Majibu mengine hayapendezi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi hasa. Mhasibu wetu analazimika kusoma. ACCA, chama cha wahasibu kilichoanza London mwaka 1904, kwa miaka mingi kimewataka wanachama wake watimize vipimo 40 vya mafunzo kila mwaka, kipimo kimoja kikiwa sawa na kama saa moja, na 21 kati ya hivyo viwe na uthibitisho. Asipotimiza, uanachama wake unaingia mashakani. Yeye ndiye anayeandika hesabu. Anayezisoma, akaamua, akatia saini, huyo halazimishwi na mtu yeyote kusoma lolote tangu siku alipovua joho la mahafali.

Tuliona matunda yake mwaka 2019. Kuanzia Januari 1 ya mwaka huo kanuni mpya ya kimataifa ya taarifa za fedha, IFRS 16, ilianza kutumika, na kwa kanuni hiyo mpangaji anatakiwa kuingiza mikataba yake mingi ya kukodi ndani ya mizania: haki ya kutumia mali upande mmoja, deni la kodi zijazo upande mwingine. Zamani kodi nyingi zilikuwa zikionekana kama matumizi ya kawaida tu na mizania haikuzijua. Sisi tulikuwa tumekodi maghala na magari. Rasimu ya hesabu ilipofika mezani, mkurugenzi aliona madeni yamevimba, akasimama. "Nani amekopa?" Mhasibu akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mtu anayeficha kitu. Hakukuwa na aliyekopa hata senti. Maghala yalikuwa yaleyale na kodi ileile. Kilichobadilika ni kanuni, iliyotangazwa tangu Januari 2016, miaka mitatu kabla, na mle chumbani alikuwa anaijua mtu mmoja tu. Nakiri mimi nami nilimshuku kwa wiki nzima.

Ndiyo maana wanaoniambia kwamba cheti chao cha miaka ya tisini kinawatosha huwa nawauliza wananisomeaje mizania ya leo. Uhasibu wa pande mbili wenyewe, ule wa kuandika kila muamala mara mbili, haujabadilika sana tangu Luca Pacioli aliposhusha kwenye kitabu, Venice mwaka 1494, namna wafanyabiashara wa mji ule walivyokuwa tayari wakiandika hesabu zao. Kinachobadilika ni nini kinaingizwa wapi, na lini.

Wapo watakaosema, kuna intaneti, soma huko bure. Ni kweli, tangu tovuti za masomo za Coursera na edX zianze mwaka 2012 mtu anaweza kumsikiliza profesa wa chuo kikuu maarufu akiwa kitandani. Nilijiandikisha kozi tatu. Sikumaliza hata moja, na naambiwa siko peke yangu, kwani wengi wanaojiandikisha hawafiki mwisho. Video zilikuwa nzuri, pengine nzuri kuliko mwalimu wetu. Lakini hakukuwa na mtu aliyenisubiri siku ya Jumatano, na hakuna video iliyowahi kuniambia "mzee, igawe kwa bei uliyouzia". Kijana mwenye nidhamu atafaidika nazo. Mimi najijua.

Kisa kimoja nilichokisikia katika somo la majedwali ya kompyuta ndicho kilichoniondolea aibu iliyobaki. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, wachumi wakubwa, walichapisha makala kuhusu deni la serikali na ukuaji wa uchumi, na wanasiasa wa nchi tajiri wakaitaja sana walipotaka kubana matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, aliyepewa zoezi la darasani la kurudia hesabu za makala iliyokwishachapishwa, alishindwa kupata majibu yao. Akawaomba jedwali lenyewe, nao wakamtumia. Katika jedwali la Excel, fomula ya wastani ilikuwa imeishia mistari mitano kabla ya mwisho, na nchi tano, kuanzia Australia hadi Denmark, zilikuwa zimeachwa nje. Palikuwa na hoja nyingine pia kuhusu namna walivyopima, na wenyewe walikiri kosa la fomula huku wakishikilia kwamba msimamo wao kwa jumla unasimama. Mimi kilichonigusa ni kule kugunduliwa: zoezi la darasani, lenye namba za kweli. Angepewa kampuni ya kufikirika asingegundua kitu.

Hicho ndicho ninachomwomba kila anayelipia mafunzo ya wafanyakazi, na kila anayeyauza. Mtu aje na hesabu zake, hata kama amezizidisha kwa namba ya siri. Zile saa 40 za siku tano zitawanywe kwenye miezi, ili mtu akosee Jumatano, arekebishe Alhamisi kazini, arudi Jumatano ijayo na maswali. Baada ya miezi sita mtu apigiwe simu aulizwe amebadilisha nini, na kama hajabadilisha kitu, mwenye kozi ndiye aone haya kwanza. Na mkurugenzi aingie darasani kabla ya kututuma sisi. Wa kwetu aliingia mwaka huu, akakaa kiti cha mbele, na usiku wa kwanza alikataa kuonyesha hesabu zake mpaka alipoelezwa habari ya namba ya siri. Nasikia alizidisha kwa sifuri nukta moja, kampuni ikaonekana kibanda.

Tena asije mtu akasema elimu ya namna hii ni ghali. Pigeni hesabu ya 83 kwa kila 1,000, kwa miaka tisa.

Kuhusu kustaafu, msomaji mwenzangu aliuliza kampuni inapata nini kwa mtu aliyebakiza miaka mitatu. Mwezi uliopita karani wa bei, msichana wa miaka 24, alikuja mezani kwangu na jedwali jipya. Nikamuuliza gharama 2,400, tunataka asilimia 20 ya mauzo, bei gani? Akasema 3,000 bila kugusa kikokotoo, akanitazama kama anayejiuliza kwa nini nauliza jambo rahisi hivyo. Mimi jambo hilo nililijua nikiwa na miaka 56.

Muhula mpya unaanza Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao, somo ni namna ya kuamua kama mashine mpya inunuliwe au isinunuliwe. Kiti cha kulia kwangu kiko wazi. Msomaji mwenzangu akipenda aje, hesabu zake mkononi, na namba yake ya siri asimwambie mtu, hata mimi.

Wako,
Mkuu wa kitengo cha bei, mwanafunzi wa jioni